Kihisi kikubwa, tundu dogo

Mei 2022 kampuni ya Canon ya Japani ilitangaza kamera iitwayo EOS R7. Bei yake ya kuanzia kule Marekani, bila lenzi, ilikuwa dola 1,499. Februari 2023 kampuni hiyohiyo ikatangaza nyingine, EOS R8, kwa dola 1,499 zilezile. Ndani ya R8 mna kihisi cha fulu fremu, kipande cha silikoni chenye upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kihisi cha R7 ni kidogo, milimita 22.3 kwa 14.8, cha kundi la APS-C ambalo wapiga picha wetu wamezoea kuliita kropu. Kwa anayeamini kwamba fulu fremu ndiyo kamera ya kazi na kropu ni ya kujifunzia, bei hizi ni fumbo. Iweje bora na hafifu vitoke kiwanda kimoja na kuuzwa bei moja? Fumbo hufumbuka ukizikagua kamera zenyewe. R7 ina nafasi mbili za memori kadi, R8 ina moja. R7 hutumia betri kubwa, R8 hutumia betri ndogo ileile inayowekwa kwenye kamera za bei ya chini za kampuni hiyo. R7 ina mtambo wa kutuliza kihisi mkono unapotetemeka, R8 haina. Canon hawakugawa zawadi. Gharama ya kihisi kikubwa waliifidia kwa kupunguza vingine.

Mnunuzi naye yumo katika hali hiyohiyo, na hapo ndipo mjadala wa fulu fremu na kropu unapopotoka. Watu hulinganisha vihisi, ilhali mtu anayetoa fedha zake dukani analipia kihisi, lenzi, taa, betri na kadi kutoka mfuko mmoja. Ninachodai hapa ni kwamba kwa wengi wanaoishi kwa kazi ya picha huku kwetu, kihisi kikubwa kilichonunuliwa kwa fedha za lenzi huleta picha mbovu kuliko ambazo kropu ingewapa. Ni dai zito, lakini linapimika kwa rula na kikokotoo.

Tuanze na kwa nini kihisi kikubwa ni ghali, maana wapo wanaodhani ni ujanja wa wafanyabiashara tu. Vihisi hukatwa kutoka kwenye sahani ya silikoni yenye kipenyo cha milimita 300. Kwa hesabu ya eneo peke yake, bila kutoa vipande vinavyopotea kingoni, sahani moja haiwezi kutoa zaidi ya vihisi 81 vya fulu fremu, wakati vya APS-C vya Canon vingeweza kufika 214. Doa moja likiangukia kihisi kikubwa, limeharibu sehemu kubwa zaidi ya sahani. Tena mashine zinazochapa sakiti juu ya silikoni kwa kawaida huchapa eneo lisilozidi milimita 26 kwa 33 kwa mpigo mmoja. APS-C inaenea humo bila shida. Fulu fremu haienei, kwa hiyo huchapwa kwa vipande vinavyounganishwa kwa usahihi mkubwa. Gharama ni ya kweli, basi. Swali ni nini hasa mtu anapata kwa gharama hiyo.

Mwanga hufika kwenye kihisi kwa chembe zinazoitwa fotoni, na hazifiki kwa mpangilio. Hudondoka ovyo, hapa nyingi, pale chache. Ovyo hiyo ndiyo tunayoiona kama chenga kwenye picha. Kanuni yake inajulikana: sehemu ya picha iliyopokea fotoni 10,000 huwa na mtikisiko wa 100, yaani kipeuo cha pili cha 10,000, sawa na asilimia 1. Kihisi cha fulu fremu kina eneo mara 2.6 ya kile cha R7. Tundu la f la lenzi likiwa sawa, na muda wa shata ukiwa sawa, kitapokea fotoni 26,000 mahali pale pale pa picha, na mtikisiko utashuka hadi asilimia 0.6. Hakuna jicho litakalotofautisha 1 na 0.6 kwenye picha ya mchana. Sasa tuingie gizani, ambako kropu inapokea fotoni 100 tu. Mtikisiko wake unakuwa asilimia 10, na wa fulu fremu asilimia 6. Hapo tofauti inaonekana hata na asiye mpiga picha. Kwa hiyo sifa ya kihisi kikubwa ni ya kweli, ila ni sifa ya usiku. Wapiga picha hupima mwanga kwa hatua, kila hatua ikiwa ni mwanga kuongezeka maradufu, na kwa kipimo hicho fulu fremu inaizidi kropu ya Canon kwa hatua moja na theluthi. Faida yote ya mwanga inayobishaniwa ni hiyo.

Lakini hesabu hiyo ina sharti ambalo wauzaji hawalitaji: tundu la f liwe sawa. Chumba hupata mwanga kwa upana wa dirisha, na kujenga ukuta mrefu zaidi hakuongezi mwanga hata kidogo. Dirisha la kamera ni tundu la lenzi. Upana wake halisi kwa milimita hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa lenzi kwa namba ya f. R8 ilipoingia sokoni, lenzi iliyouzwa nayo kwa wasio na fedha nyingi ilikuwa 24-50 mm ya f/4.5-6.3. Ukiivuta hadi 50 mm tundu lake kubwa kabisa ni 50 gawanya kwa 6.3, chini kidogo ya milimita 8. Chukua sasa R7 na uivike lenzi ya Sigma ya 18-50 mm f/2.8, ambayo tangu 2024 inatengenezwa pia kwa kamera hizi za Canon, ina uzito wa gramu 300 hivi, na bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 600 hivi. Ili kuona eneo lilelile ambalo R8 inaliona kwa 50 mm, R7 inahitaji 31 mm tu. Gawanya 31 kwa 2.8 na unapata tundu la milimita 11. Kwa kuwa mwanga hufuata eneo la tundu, kropu hii inaingiza karibu mara mbili ya mwanga unaoingizwa na fulu fremu ile. Aliyejinyima ili anunue fulu fremu na lenzi yake ya kifurushi ameingia ukumbini na kamera yenye chenga zaidi kuliko ya jirani yake mwenye kropu.

Mtu atasema nimechagua lenzi mbaya makusudi. Nimechagua lenzi inayonunuliwa sana na watu walioishiwa fedha baada ya kununua kamera, lakini pingamizi hilo linastahili jibu kamili. Hebu tuilinganishe fulu fremu ikiwa imevikwa inavyostahili. Kwa miaka kadhaa zumu ya kawaida ya f/2.8 ya Canon kwa kamera hizi ilikuwa 24-70 mm, gramu 900, bei ya kuanzia dola 2,299. Mwaka 2024 ikaja nafuu zaidi, 28-70 mm f/2.8, gramu 495, kwa dola 1,099. Kwa bei za kuanzia, R8 na lenzi hii ya pili ilifika dola 2,598. R7 na ile ya Sigma ilifika dola 2,100. Sasa ndipo kihisi kikubwa kinapofanya kazi yake yote: kwa nyongeza ya dola 500 hivi unapata hatua moja na theluthi ya mwanga. Huu ndio ulinganisho wa haki. Anayezo dola 500 za ziada, na kazi yake inadai mwanga huo, anunue bila kusita. Asiyenazo asijidanganye kwamba ataupata mwanga huo kwa kununua kamera tu na kungoja.

Kwenye picha za sura pengo ni dogo zaidi. Lenzi ya 85 mm f/2 ya Canon, ambayo wengi huinunua kwa picha za maharusi, ina tundu la milimita 42.5. Sigma ya 56 mm f/1.4 kwa kropu, ambayo kwenye R7 inaona karibu eneo lilelile, ina tundu la milimita 40. Mwanga ni karibu sawa, na ule ukungu wa nyuma unaomtoa bibi harusi mbele ya mapambo ni karibu sawa pia. Fulu fremu inatoroka kabisa tu inapovikwa lenzi kama 85 mm ya f/1.2, ambayo kropu haina jibu lake. Lenzi hiyo ya Canon ina uzito wa zaidi ya kilo moja, na bei yake inapita ya R7 au ya R8. Wanaoimiliki hawana haja ya makala haya.

Kuna picha nyingine ambayo hujadiliwa kwa nadra, nayo ndiyo inayojaza albamu za harusi zetu kuliko zote: ya pamoja. Upande wa baba, upande wa mama, wajomba na shangazi, wafanyakazi wenzake na bwana harusi, kikundi cha kwaya, kamati ya maandalizi. Watu 20 hadi 40 wanapangwa kwa mistari mitatu jukwaani, na kila uso unatakiwa uwe kwenye fokasi, maana mama mkubwa wa mstari wa nyuma akitoka na ukungu ataikumbuka kasoro hiyo kwa miaka. Hapa mwenye fulu fremu analazimika kufunga tundu, tuseme hadi f/8, na ukumbini hilo litamdai ISO 3200. Mwenye kropu anapata kina kilekile cha fokasi kwa f/5, na kwa sababu tundu lake liko wazi zaidi, ISO 1250 inamtosha kwa kasi ileile ya shata. Ukizikuza picha hizo mbili, chenga zinalingana. Faida ya kihisi kikubwa imeyeyuka yote, kwa kuwa mwenyewe ameziba dirisha lake. Kila mara kazi inapodai watu wengi waonekane wazi kutoka mstari wa mbele hadi wa nyuma, fulu fremu inaburuta uzito wa bure.

Suala la ngozi halina budi kuzungumzwa, tena kwa undani, kwa sababu vipimo vya kamera vinavyosomwa na wanunuzi wetu hutegemea zaidi kadi za rangi na vitu vilivyopangwa studio. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko shela jeupe lililo sentimita chache kutoka shavuni. Kwa lugha ya fotoni, shela linaweza kuwa na maelfu wakati kivuli chini ya taya ya bwana harusi kina mamia. Chenga basi huanzia usoni, mahali ambapo hakuna anayezitaka, na kamera iliyoachwa ijipimie mwanga huzidisha tatizo: ikiona weupe mwingi, hutia giza picha nzima. Ni kweli kwamba fulu fremu huvumilia zaidi mtu anapopandisha mwanga wa uso baadaye kwenye kompyuta, na kwa hoja hii pekee mpiga picha wa Mwanza ana sababu nzuri zaidi ya kuitaka kuliko mwenzake wa Stockholm. Ila ipo njia ya bei ndogo. Flashi moja ya Godox, inayopatikana kwa chini ya dola 300, ikielekezwa kwenye dari jeupe au ukuta wa pembeni, huongeza mwanga usoni kwa hatua nyingi kuliko hiyo moja na theluthi. Flashi hutatua pia balaa ambalo hakuna kihisi kinachoweza kulitatua. Zile taa za LED za zambarau na buluu zinazopendwa na wapambaji wa kumbi zikimwangukia mtu usoni, njia ya rangi ya buluu hujaa hadi kufurika huku kijani, na mara nyingi nyekundu pia, zikibaki karibu tupu. Picha hiyo haina taarifa ya ngozi ya kurekebisha, iwe kihisi ni kikubwa au kidogo.

Na jua kali la saa saba mchana, je? Wapenzi wa fulu fremu husema kihisi chao hubeba kwa pamoja weupe wa mawingu na weusi wa vivuli vizuri zaidi. Wako sawa, na kwa anayepiga mandhari kwa stendi, alfajiri pale chini ya Kilimanjaro, hakuna haja ya ubishi: kamera ya fulu fremu yenye pikseli nyingi ni chombo chake. Kwa anayepiga watu, kusogea hatua tatu hadi kivulini chini ya mwembe kunaipita faida ya kihisi chochote kilichowahi kutengenezwa.

Mbugani hoja inachukua sura nyingine. Ngorongoro, magari ya watalii yanatakiwa kubaki barabarani, kwa hiyo simba akiwa mbali huwezi kumsogelea. Unachoweza ni kumkuza. Weka lenzi moja, tuseme Canon ya 100-400 mm yenye gramu 635, kwenye R8 kisha kwenye R7. Simba atakuwa na ukubwa uleule juu ya vihisi vyote viwili, kwa kuwa lenzi ni ileile na umbali ni uleule. Tofauti ni kwamba R8, yenye megapikseli 24, ikikatwa hadi eneo linaloonekana na R7 hubakiwa na megapikseli 9 na kidogo, wakati R7 ina zake 32 zote. Na mwanga uliotoka kwa simba huyo kupitia tundu la milimita 50 ni uleule kwa kamera zote mbili. Fulu fremu imekusanya mwanga zaidi, ndiyo, lakini ni mwanga wa nyasi zilizo pembeni ambazo mpiga picha atazikata na kuzitupa. Wapo watakaotaja kamera za megapikseli 45 kama Canon R5, ambazo hata zikikatwa hubaki na 17. R5 ilianza kuuzwa kwa dola 3,899. Wapo pia watakaotaja lenzi ya 600 mm f/4, ambayo tundu lake la milimita 150 halina mpinzani jua linapochomoza. Hiyo ni kilo 3 na bei yake ni ya gari dogo la mtumba. Ndege ndogo zinazotua kwenye viwanja vya nyasi vya Serengeti na Maasai Mara kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa abiria, pamoja na mzigo wa mkononi, na nguo nazo zina uzito.

R7 ina dosari yake, nisije nikaonekana wakala wa mauzo. Kihisi chake husomwa polepole, hivyo ukipiga kimyakimya bila kutumia shata ya mitambo, mabawa ya ndege anayeruka hupinda na fimbo ya mcheza gofu hugeuka upinde. Shata ya mitambo huondoa tatizo, ila kelele yake husikika.

Tunafika kwenye pingamizi ambalo wapiga picha wenyewe huliona zito kuliko yote: mteja anaangalia kamera. Mwenye sherehe aliyelipa fedha nyingi anataka kuona mtambo mkubwa shingoni mwa mtu wake, hasa siku hizi ambapo kila mgeni ana simu inayopiga picha nzuri. Sitaidharau hoja hii, kwa sababu heshima ya kazi ina bei yake sokoni. Ila anachokiona mteja ni mwili wa kamera na lenzi. Hakuna mteja anayeona kihisi. R7 ni nzito kuliko R8, gramu 612 kwa 461, na ikivikwa lenzi pana na flashi juu haitamwaibisha mtu. Heshima ya kweli hupotea siku memori kadi inapokufa. Ndoa haifungwi upya ili mpiga picha arudie. Kamera yenye kadi mbili inaweza kuandika kila picha mara mbili, na mimi ningemkataza mtu yeyote kukubali kazi ya harusi kwa kamera yenye kadi moja, hata kihisi chake kiwe kikubwa namna gani. Katika kamera mpya za Canon za kizazi hicho, fulu fremu ya kazi yenye kadi mbili ilikuwa R6 Mark II, iliyotoka mwishoni mwa 2022 kwa dola 2,499. Kwa mtu wa harusi bei halisi ya kihisi kikubwa ilikuwa hiyo: dola 1,000 juu ya R7, kabla hajagusa lenzi.

Historia nayo inapunguza kiburi cha milimita 36 kwa 24. Kipimo hicho kilishika soko kupitia Leica, kamera ya Oskar Barnack iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Leitz ya Ujerumani mwaka 1925, naye alikipata kwa kuunganisha fremu mbili za filamu ya sinema. Wakati huo kilikuwa kipimo cha picha ndogo. Magazeti ya Marekani yaliendelea kwa miongo kadhaa na Speed Graphic, iliyotumia filamu ya inchi 4 kwa 5, eneo takriban mara 15 ya Leica, na hoja zilizotumika dhidi ya Leica ndizo zinazotumika leo dhidi ya kropu. Kisha dijitali ilipoingia, Nikon D1 ya mwaka 1999 ilikuwa na kihisi cha APS-C na megapikseli 2.7, na Nikon haikuwa na fulu fremu hata moja hadi D3 ilipotoka 2007. Katika miaka hiyo minane kila aliyetumia kamera ya dijitali ya Nikon kwenye vita, Olimpiki au mkutano wa marais alitumia kropu, na picha zake zilichapishwa ukurasa wa kwanza bila mhariri kuuliza ukubwa wa kihisi. Sinema ndiyo kabisa: fremu ya Super 35, ambayo ukubwa wake unakaribiana na APS-C, ndiyo iliyobeba filamu nyingi za Hollywood, na kamera ya ARRI Alexa Mini ya 2015 ilibaki humohumo. Ni Canon 5D Mark II ya 2008 iliyowafundisha watengenezaji wa video kupenda ukungu wa fulu fremu, pamoja na tabia ya kupoteza fokasi kila msanii anapoinua kichwa.

Kuhusu mahali picha inakoishia, sina mengi. Ukurasa wa A4 uliochapwa kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji megapikseli chini ya 9. Instagram kwa muda mrefu ilionyesha picha kwa upana wa pikseli 1,080, na WhatsApp huibana picha mara inapotumwa kwa njia ya kawaida. Chenga nyingi zinazoogopwa kwenye kioo cha kompyuta hazifiki kwa mteja.

Lililobaki ni soko la mtumba, na hapa nakiri kwamba hoja yangu inapata mshindani wa kweli. Canon 5D Mark III ya 2012 na Nikon D750 ya 2014, zote fulu fremu, zote zenye nafasi mbili za kadi, leo zinauzwa zikiwa zimetumika kwa bei ya chini sana ukilinganisha na zilipotoka. Lenzi zake zimejaa madukani na mikononi mwa watu, kuanzia 50 mm f/1.8 ambayo ni ya bei rahisi mno. Kwa mtu anayepiga watu waliotulia, kifurushi hicho kinashinda kropu mpya kwa mwanga na kwa bei kwa pamoja, na ninachokosoa humu hakikigusi, kwa sababu fedha ya lenzi imebaki. Anachopoteza ni fokasi ya kisasa inayofuata jicho la mtu anayecheza, pamoja na video nzuri. Muhimu ni kuuliza idadi ya picha zilizokwisha kupigwa. Shata za kamera hizo mbili zimekadiriwa kudumu hadi mipigo 150,000, na mpiga picha wa harusi anaweza kumaliza elfu kadhaa kwa wikiendi moja. Muuzaji asiyetaka kuonyesha idadi hiyo ameshajibu.

Yuko mtu mmoja ambaye ningemshauri anunue fulu fremu mpya. Ni yule anayefanya kazi mahali flashi imekatazwa na watu wanatembea: kanisani ambako padri au mchungaji hataki mwanga wa ghafla wakati wa ibada, ukumbi wa tamthilia, ukumbi wa mahakama pale kamera zinaporuhusiwa. Hana dari la kurushia flashi, hawezi kurefusha muda wa shata, na picha zake nyingi ni za mtu mmoja au wawili, hivyo tundu lake linabaki wazi muda wote. Kwake hatua moja na theluthi ni tofauti kati ya 1/80 ya sekunde, ambapo mkono unaovisha pete hutoka na ukungu, na 1/200, ambapo hutoka safi. Lakini hata yeye aanze na lenzi ya f/1.8 au f/2 iliyotengenezwa kwa fulu fremu, aitumie kwenye kropu aliyonayo, na kama ibada za namna hiyo humjia mara moja kwa mwezi, mwili wa kamera aukodi.